Simu Inashika, Laptopu Haishiki

Laptopu ya zamani ikigoma kushika waifai, hukumu ya mtaani ni moja: kadi imekufa. Hukumu hiyo hutolewa haraka mno, na mwenye mashine ndiye anayeilipia. Kati ya laptopu na ukurasa wa intaneti kuna hatua nne: kuuona mtandao, kuingia, kupewa anwani, kisha kufungua ukurasa. Kila hatua ina ugonjwa wake na dalili zake, na anayebadilisha vifaa kabla ya kujua ni hatua ipi iliyokwama anacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu mwingine.

Mashine ninayoichambua hapa ni ya mwaka 2008, mtumba uliotengenezewa soko la Marekani, mali ya mwalimu wa sekondari wa Morogoro. Inatumia Windows 7, na kwa maandalio ya masomo na kujaza alama za wanafunzi inatosha kabisa. Alipofunga ruta mpya nyumbani, simu zote zikashika papo hapo. Laptopu ikaorodhesha waifai za majirani, ya kwake haikuonekana. Akajaribu hotspoti ya simu: ikaonekana, ikaingia, lakini kila ukurasa ukaleta onyo la usalama. Fundi akajumlisha: "Mwalimu, ruta haiioni, hotspoti haifungui. Kadi imechoka hii, tubadilishe."

Ushahidi huohuo unasema kinyume. Kadi inayoona waifai za majirani na kuingia kwenye hotspoti ni nzima. Jaribio hilo moja linaziachia huru kadi, antena na draiva. Kilichobaki ni hitilafu mbili zisizojuana, zilizotokea wakati mmoja: moja iko hatua ya kwanza, upande wa ruta, nyingine iko hatua ya nne, ndani ya laptopu. Kuzichanganya ndiko kulikoleta hukumu ya kifo.

Tuanze na ruta. Waifai ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli. Ya 1 iko megahezi 2412, na kila inayofuata inapanda megahezi 5 tu, ilhali mawimbi ya mtandao mmoja huchukua upana wa takribani megahezi 20. Ndiyo maana chaneli jirani hugongana, na mafundi hupendelea ya 1, ya 6 na ya 11. Nchi nyingi zinatumia chaneli 1 hadi 13. Kwa soko la Marekani, watengenezaji wa kadi kwa kawaida huishia ya 11. Mashine ya soko hilo ikiletwa huku, kadi yake haisikilizi chaneli ya 12 na ya 13 hata ruta ikiwa mezani pembeni yake.

Ruta mpya huachwa ijichagulie chaneli, nayo hutafuta penye utulivu. Katika mtaa uliojaa waifai, utulivu huwa juu kabisa. Tulifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa simu, na jibu likawa palepale: chaneli ya 13. Tukaifunga kwenye ya 6, na jina la waifai ya mwalimu likajitokeza kwenye orodha ya laptopu.

Dalili kama hii ina chanzo kingine ambacho ni cha kawaida zaidi, nacho kiangaliwe kwanza: ruta inayorusha gigahezi 5 peke yake. Laptopu nyingi za enzi hizo zina redio ya 2.4 tu, kwa hiyo ya 5 kwao haipo kabisa. Na kabla ya yote hayo, pitisha kidole ubavuni mwa mashine. Nyingi za wakati ule zina swichi ndogo ya kuzimia redio, na husukumwa bila kukusudia zinapoingizwa kwenye begi.

Jina lilipoonekana, upande huohuo wa ruta ukatoa kikwazo kingine kilichokuwa kimejificha, safari hii hatua ya pili: nenosiri ni sahihi, mashine inakataa kuingia. Ruta ilikuwa imewekwa WPA3 peke yake. Ulinzi huo ulitoka mwaka 2018, miaka kumi baada ya laptopu hii, na draiva yake haiujui. Dawa ni WPA2 yenye AES, na hapo nasisitiza AES kwa sababu wengi huteremka hadi TKIP wakidhani wanaihurumia mashine ya zamani. Kanuni za 802.11n haziruhusu kasi zake mpya kutumika pamoja na TKIP, hivyo muunganisho hurudi kwenye kiwango cha megabiti 54 za mwaka 2003. Anayeteremka hadi WEP amefungua mlango kabisa. Udhaifu wa ulinzi huo ulianikwa hadharani mwaka 2001.

Hatua ya tatu haikutusumbua. Ukitaka kuihakiki, andika amri ya ipconfig: ukiona anwani inayoanza na 169.254, mashine imejipa anwani yenyewe kwa sababu haikupata jibu la ruta. Yetu ilikuwa na 192.168, dalili kwamba ruta imeitambua.

Hitilafu ya hatua ya nne, ile ya ndani ya laptopu, ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu chanzo chake kilikuwa wazi mbele ya macho ya kila aliyeishika mashine hii. Amri ya ping kwenda 8.8.8.8 ilijibiwa. Ping kwa jina la tovuti ilijibiwa pia. Intaneti inafika na majina yanatafsiriwa, lakini kivinjari kinakataa kila ukurasa. Pembeni mwa skrini, saa inasoma Januari 2008.

Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Vyeti vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimezoeleka kuwa vya siku 90. Mashine inayoamini tupo mwaka 2008 inapoonyeshwa cheti cha mwaka huu, inaona hakijaanza kutumika, na inafanya kazi yake vizuri kabisa inapokikataa. Chanzo ni betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha, kila ukiizima na kuondoa umeme, kalenda inarudi mwanzo.

Kwa nini Windows haikujirekebisha yenyewe, wakati ina huduma ya kuoanisha saa kwa intaneti? Ina ukomo. Kwa mashine isiyo kwenye mtandao wa ofisi, tofauti ikizidi saa 15, kwa mpangilio wa kawaida huduma hiyo haigusi kitu. Kosa la dakika inalisahihisha, kosa la miaka inaliacha. Tukaweka tarehe kwa mkono, kurasa zikafunguka. Kisha tukabadilisha betri ili zisifungwe tena.

Saa ikiwa sahihi na tovuti fulani bado zinagoma, tazama vyeti vya mizizi vilivyomo kwenye mfumo. Tarehe 30 Septemba 2021 mzizi mmoja uliotegemewa na tovuti nyingi uliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikapoteza kurasa kwa siku moja. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya mizizi, kwa hiyo huokoa mashine ambazo mfumo wake hausasishwi tena. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020. Kwa sababu hiyo sitaki mashine hii ifanye miamala ya benki, hata kama waifai sasa inashika vizuri.

Kadi ikiwa imekufa kweli, usikimbilie kuibadilisha ndani. Baadhi ya mashine za wakati ule hukubali tu kadi zilizo kwenye orodha ya mtengenezaji. ThinkPad za zamani huonyesha kosa 1802 na kugoma kuendelea kuwaka. Adapta ya waifai ya USB haina masharti hayo.

Kuhusu ruta ya mwalimu, kuishusha nyumba nzima hadi WPA2 kwa ajili ya laptopu moja hakukunipendeza. Ruta yake inaruhusu mtandao wa wageni wenye ulinzi wake. Tukaufungua kwenye 2.4, WPA2 na AES, nenosiri refu, chaneli ya 6. Laptopu ikahamia huko, simu zikarudishiwa WPA3.