Majivu ya Kratos

God of War ilitoka mwaka 2005 kwenye PlayStation 2, na wengi wetu tuliicheza katika vibanda vya gemu, tukilipia muda. Kwa malipo hayo, Kiingereza cha miungu kilipita hivihivi, sisi tukingoja vita. Tulichobaki nacho ni mtu mweupe kama chokaa, mwenye visu vya minyororo. Nimeirudia ukubwani, huku Jipe, na safari hii ni weupe ule ulionishika.

Weupe ule ni majivu. Kratos, kamanda wa Sparta, alijitoa kuwa mtumishi wa Ares, mungu wa vita. Katika kuvamia kijiji kimoja akawaua mke wake na binti yake bila kujua. Bibi mwaguzi wa pale akamlaani: majivu ya marehemu yagande kwenye ngozi yake daima.

Kwa hiyo hii ni hadithi ya mfiwa ambaye ndiye muuaji. Ila gemu yenyewe haiwi na msimamo mmoja kuhusu kifo. Kila adui anayeanguka hutoa tufe jekundu, na matufe hayo ndiyo mtaji wa kuongezea visu nguvu. Ndani ya Hekalu la Pandora kuna askari aliyefungiwa kwenye tundu. Ili njia ifunguke, unamsukuma hadi motoni huku akikusihi. Utotoni lile lilikuwa fumbo la kutatua. Leo namsikia, na naona kwamba baada ya hapo hakuna anayemtaja tena. Gemu inataka tuwalilie wafu wawili, huku wengine wote wakiwa kuni.

Mahali pamoja tu inajishinda. Kwenye pambano la mwisho, Ares anamrudisha Kratos mbele ya familia yake, wakizingirwa na maadui wenye sura yake mwenyewe. Unaweza kumkumbatia mke na binti ili uwape sehemu ya uhai wako. Unabonyeza kitufe cha duara, kilekile ulichotumia tangu mwanzo kukamata watu na kuwachana. Hakuna hotuba ya mhusika yeyote inayosema zaidi ya hapo.

Ukiwa Jipe, ukiinua macho kutoka ziwani unaiona milima ya Upare Kaskazini. Huko Ugweno na Usangi, koo za zamani zilihifadhi mafuvu ya wahenga katika misitu midogo iliyoheshimiwa. Aliyesumbuliwa na wafu wake alikuwa na mahali pa kwenda, na ndugu wa kwenda nao. Nikimtazama Kratos kutoka huku, naona adhabu yake ilivyo kali: wafu wake hawana kwao ila mwilini mwake. Anaiomba miungu imwondolee jinamizi. Inamsamehe, lakini jinamizi inamwachia.

Waandishi wa God of War ya mwaka 2018 nadhani waliliona pengo hilo. Humo Kratos anasafiri na mwanawe, Atreus, kupeleka majivu ya mke wa pili kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Kuna vita njiani, tena vingi, lakini safari yote ni ya mazishi, na safari hii mfiwa hayuko peke yake. Ukitaka kuicheza hiyo, anza na ya 2005, na usiyapite mazungumzo.