"Free": Huru, Bure au Bila Ada?

Neno la Kiingereza "free" halina kisawe kimoja katika Kiswahili, wala si lazima liwe nacho. Mtumwa aliyekombolewa ni huru. Soko lisilopangiwa bei ni huria. Kiti kisicho na mtu ki wazi. Na kitu kisichotozwa bei hutolewa bure. Mfasiri asiyejiuliza kwanza maana ikusudiwayo, aghalabu hukamata kisawe cha kwanza kimjiacho.

Mfano mzuri ni sera ya elimu. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika shule za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne. Ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Jina rasmi la sera lilikuwa elimu "bila malipo", lakini vinywani mwa watu, hata majukwaani, ikawa "elimu bure".

Hapo pana kasoro mbili. Kwanza, "bure" hubeba dharau. Aliyefanya kazi bure hakupata kitu, maneno ya bure hayana maana, na aambiwaye "bure kabisa" ametukanwa. Pili, neno hilo laahidi kuliko sera yenyewe. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Basi mkulima wa Sepuka, mkoani Singida, aliyesikia kuwa elimu ni bure, akiombwa debe la mahindi kwa uji wa shuleni, atadhani anadhulumiwa. Mwalimu mkuu huonekana mwongo, na mtoto hushinda na njaa.

"Bila malipo" ni afadhali, kwa kuwa halidharau kitolewacho. Hata hivyo ni pana mno, maana sare na madaftari hulipiwa. Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Kwa hiyo yafaa kusema "elimu bila ada", na penye nafasi, "bila ada wala michango ya lazima".

Huenda mtu akasema kwamba umma umekwisha zoea "bure". Mazungumzo yana uhuru wake, lakini barua ya ofisi husomwa kama ahadi. Aandikaye tangazo la kikao cha wazazi hana budi kutaja kilichofutwa na kilichobaki.