«Sukari ni ya familia»: sentensi inayovunja ndoa bila kueleza kitu

Ndugu zangu, leo nakosoa sentensi moja tu, ile sisi wote tunasemaka: «sukari ni ya familia».

Rafiki yangu mmoja alikuwa tayari kupeleka mahari. Wazee wakasikia kwamba mama wa binti, shangazi yake na babu yake walikuwa na ugonjwa wa sukari. Wakamwambia: «Achana na ile familia.» Sisi wenye diplome tukanyamaza. Mmoja wetu hata akaunga mkono: «Ni kama AS na AS.»

Hapana, haiko sawa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba iko na nafasi 1 juu ya 4 ya kuleta mtoto SS, na elektroforeze inaonyesha mbele ya ndoa. Lakini sukari ya watu wengi, tipe 2, inatoka kwa jeni nyingi zenye nguvu kidogo kidogo, pamoja na uzito, chakula na umri. Ni kama mavuno ya mahindi: mbegu inasema kitu, udongo na mvua navyo vinasema. Hakuna egzame ya kutoa hukumu «huyu usimuoe».

Kuko pia sukari ya jeni moja, inaitwa MODY. Mara nyingi inaanza mbele ya miaka 25, kizazi kwa kizazi, hata kwa watu wembamba. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi 1 juu ya 2 ya kuirithi. Hapa ushauri wa jeni unabadilisha maisha. Wenye shida kwenye jeni HNF1A, wengi wanatulia na vidonge kama glibenklamide, bila insulini. Wenye shida kwenye GCK, kwa kawaida hawahitaji dawa, isipokuwa pengine wakati wa mimba. Na mtoto mchanga akipata sukari mbele ya miezi 6, lazima jeni zipimwe, juu wengi wao wanaweza kuacha sindano na kumeza vidonge.

Kosa letu ni kufikiri kwamba mshauri wa jeni anachagua watu ginsi sisi ma-agronome tunachagua mbegu: nzuri tunapanda, mbaya tunatupa. Mtu si mbegu. Mshauri anachora mti wa familia, anauliza nani aligonjwa, alianza na miaka ngapi, alikuwa mnene ao mwembamba, anatumia dawa gani. Anaeleza. Kuamua ni kazi ya wenyewe.

Kwetu kupima jeni ni vigumu na ni bei kali, najua. Lakini kuuliza yale maswali kunaomba kalamu na karatasi tu.

Ile ndoa haikufanyika. Hakuna aliyeuliza mama wa binti alianza kugonjwa na miaka ngapi. Na mimi, licencié mzima, nilikuwa nimekaa palepale.

Kwenu je, wazee walisemaka nini?