Somo Tamu Hupimwa Dawati la Nyuma

Kagera ina sababu yake ya kutokiamini kicheko cha darasani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na kicheko hicho. Walimu hawakuguswa. Wengi walioichunguza habari hiyo baadaye waliona chanzo chake ni msongo wa mawazo, na kicheko chenyewe kilichanganyika na kilio.

Basi anayetafuta somo zuri Bukoba au Muleba asidanganywe na vicheko wala makofi. Hata “Tumeelewana?” inayojibiwa “Ndiyooo!” ni dalili mbovu, kwani aliyesinzia naye huitikia.

Atazame zana, na zaidi atazame zinavyotumika. Msimu wa senene, mwalimu wa sayansi anayeingia na senene hai ana kitu kisichofikiwa na chati yoyote: miguu sita, mabawa manne, sehemu tatu za mwili, vyote vinahesabika kiganjani. Watoto wakichora walichokiona, kisha wakabishana kama buibui mwenye miguu minane anaingia kundi hilohilo, somo limeiva. Wakikimbilia kikaango, hiyo ni karamu (si mbaya, ila ina kipindi chake).

Hesabu nayo ina kahawa. Robusta mbivu hupimwa, huanikwa, hupimwa tena ikishakauka kuwa kahawa ya maganda, ndipo itafutwe asilimia ya uzito uliopotea. Mwalimu hodari huwaacha watoto wakisie kwanza na kuandika makisio yao ubaoni, kisha mizani iwasute. Utamu wote uko hapo.

Wahaya, wenyeji wa Kagera, wana kipimo kikali zaidi. Mtambaji akianza hadithi, wasikilizaji humtaka aone ili nao waone. Peter Seitel, aliyekusanya hadithi zao, aliufanya wito huo jina la kitabu chake cha 1980. Mwalimu asiyekiona anachokisimulia hujulikana upesi, hata akija na ngoma.

Kwa hiyo mkaguzi mjuzi huomba dawati la nyuma, andalio la somo akalisoma baadaye. Kengele ikilia, humgeukia mtoto aliyekaa naye na kumwomba amweleze walichojifunza. Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kihaya, mwalimu amefaulu.