Mshono wa Daraja Mbili

Wiki ya kufungua shule, Januari, mafundi wa viatu wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii hawapati nafasi hata ya kunywa chai. Wazazi huleta viatu vipya vyeusi vishonwe kabla mtoto hajavivaa. Soli imebandikwa kwa gundi, na gundi pekee haihimili njia za Gusii, ambako mvua haikai mbali na udongo mwekundu hunasa kiatu usikiachie.

Nilikaa kando ya fundi mmoja asubuhi nzima. Kwanza huchimba mfereji mwembamba kuzunguka ukingo wa soli, uzi upate kulala humo usisagwe na kokoto. Uzi huupitisha kwenye nta. Sindano yake ina ndoana nchani: huingia kutoka chini, hunasa uzi uliomo ndani ya kiatu, hurudi na kitanzi, na ncha ya pili hupenyezwa katika kitanzi hicho kabla hajavuta. Katika kila tundu, uzi mmoja humfunga mwenzake. Pakikatika mahali, pengine hapafumuki.

Kisha mzee kutoka Keroka akaleta buti za ngozi za mtumba, soli zimelika. Fundi alipoing'oa ya kwanza, aliishika kwa mikono miwili, akanyamaza.

"Mzee, aliyeshona hii alijua itafika kwangu."

Akanionyesha ukanda mwembamba wa ngozi uliozunguka buti. Mshono wa kwanza, uliojificha ndani, huufunga ukanda huo kwenye ngozi ya juu. Wa pili huishika soli kwenye ukanda. Kwa hiyo soli hubadilishwa mara nyingi na ngozi ya juu haiguswi. Mashine ya kazi hiyo ilipatikana Marekani katika karne ya 19, na hadi leo mshono huo huitwa Goodyear. Chini ya uvungu wa wayo palikuwa na kibati cha chuma kisichoruhusu buti kupinda katikati. Mimi nilichokipenda zaidi ni ulimi: umeshonewa pande zote mbili hadi karibu na vitundu vya juu vya kamba, tope lisipate mlango. Kwa mtu anayeteremka shambani kuchuma chai Nyamira kungali na umande, hilo si pambo.

Fundi alikata soli mpya kwenye tairi, akaipanga, akaanza kushona polepole akifuata matundu ya zamani ya ukanda, moja baada ya jingine. Hakutoboa jipya hata moja.