Kugawana Data: Kasoro za Lugha katika Hati za Utafiti wa Dawa

Hati moja ya makubaliano baina ya maabara mbili zinazotafuta dawa mpya za malaria ililetwa kwetu tuipitie kabla ya kutiwa saini. Mfasiri wake ni mtu wa bidii, na Kiswahili chake kwa jumla ni safi. Hata hivyo kifungu kimoja kilitusimamisha: "Wahusika watagawana data zote za utafiti." Twaona yafaa tukijadili kwa kirefu, kwa kuwa tumekwisha kukutana na ndugu zake katika hati nyingine nyingi.

Kugawana ni kukitenga kitu kizima mafungu, kila mtu akachukua lake akaenda zake. Ndugu hugawana shamba la marehemu baba yao; wavuvi hugawana samaki ufukoni. Baada ya mgawo hakuna tena kitu kizima, wala mmoja hana haki ya kumwuliza mwenziwe amelifanyia nini fungu lake. Mkuu wa maabara atakayekisoma kifungu hicho, kisha akazuia nusu ya data, hawezi kulaumiwa: amefuata maneno aliyoyatilia saini. Na maana iliyokusudiwa ni kinyume chake kabisa, yaani kila maabara ione na itumie data zote.

Kosa hili limezaliwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachotumika kwa mkate, chumba, siri na data bila kubagua. Kiswahili hubagua, na ubaguzi huo unalingana na jinsi kazi yenyewe ifanywavyo.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kijeshi, Mradi 523, ili kutafuta dawa ya malaria. Machi 1972, mjini Nanjing, Tu Youyou aliwaeleza wenzake wa mradi kwamba dutu iliyotolewa kwa etha katika mmea uitwao qinghao imewamaliza vimelea katika panya na nyani. Vikundi vya Shandong na Yunnan vikaendelea na kazi hiyo. Waliokuwa ndani ya mradi walijua. Ulimwengu wa nje haukujua, na makala kuhusu muundo wa artemisinini yalichapishwa mwaka 1977 tu. Huku ni kupashana habari.

Sasa tuangalie kazi ya namna nyingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2011 shirika la Medicines for Malaria Venture lilitoa bila malipo sanduku la kampaundi 400 zilizokwisha kuonyesha uwezo wa kukidhuru kimelea cha malaria. Karibu vikundi 200 vya watafiti duniani vilipata sanduku hilo. Hapa kitenzi gawa kimekaa mahali pake: kampaundi ni kitu cha kushikika, na tone lililotumika Nairobi haliwezi kutumika tena London. Lakini sharti lililofuatana na sanduku halikuwa la kugawana chochote. Lilitaka matokeo ya vipimo yawekwe hadharani, na mwaka 2016 yalichapishwa makala yaliyokusanya vipimo vipya 236. Kwa hiyo vikundi viligawiwa sampuli, navyo vikaweka matokeo hadharani. Mfasiri atumiaye kitenzi kimoja kwa matendo haya mawili ameifuta tofauti ambayo mpango mzima uliisimamia.

Katika hati tuliyoletewa tulipendekeza: "Kila mhusika atampa mwenziwe data zote za utafiti, na wote wawili watazitumia kwa pamoja." Sentensi ni ndefu zaidi. Haidhuru, makubaliano hayaandikwi kwa kuhesabu maneno.

Wako wanaoikimbia gawana na kuangukia shiriki, neno ambalo programu nyingi za simu zimelieneza. Kushiriki ni kuwa mmoja wa wafanyao jambo: twashiriki mkutano, twashiriki msiba. Data hazishirikiwi namna hiyo. Lililo baya zaidi ni lile la fomu za ridhaa, ambamo mgonjwa husomewa kwamba "data zako zitashirikishwa kwa watafiti wengine." Anayeshirikishwa ni mtu, si data. Mama aliyetolewa damu kwa ajili ya majaribio hawezi kutambua kwa maneno hayo kwamba habari za mwili wake zitafika kwa watu asiowajua. Aambiwe waziwazi: "Watafiti wengine, wa hapa na wa nchi za nje, wataruhusiwa kuziona na kuzitumia data zako." Akikataa, atakuwa amekataa jambo analolielewa.

Hati hiyo ina mengine mawili. Kila kampaundi imeitwa dawa. Twajua dawa ni neno pana, lenye nafasi hata kwa mende na viatu, lakini katika maabara kampaundi iuayo kimelea ndani ya chupa haijawa dawa. Kisha matokeo yasiyoonyesha athari yameitwa matokeo mabaya. Nani atakuwa tayari kumpelekea mwenziwe matokeo mabaya? Na kumbe ndiyo yanayomwokoa mwenzi huyo asirudie jaribio lile lile kwa miezi sita. Matokeo hasi yanatosha. Hospitalini watu wameyazoea.

Limebaki neno moja tusiloliridhia. Matthew Todd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipotafuta njia rahisi ya kupata ile nusu ya prazikwanteli iponyayo kichocho, waliiacha ile nusu nyingine isiyo na kazi ila kuongeza uchungu kinywani, waliandika kazi yao ya kila siku katika daftari la maabara ambalo mtu yeyote aliweza kulisoma katika intaneti. Wanakemia wasiowajua, wakiwamo wa viwandani, waliwashauri, na njia ilichapishwa mwaka 2011. Mfasiri wetu ameliita daftari la aina hiyo "daftari wazi." Lakini ukurasa ulio wazi, kwa mwalimu na mwanafunzi, ni ukurasa usioandikwa kitu. Kwa sasa tumeandika "daftari lisomwalo na wote". Msomaji aliye na neno fupi zaidi na atuletee.