Domo la Bata

Msikilize mtu wa makamo wa Dar es Salaam akiimba wimbo wa Sikinde peke yake, labda anaosha gari, labda amekwama kwenye foleni ya Msimbazi. Ubeti wa kwanza ataimba maneno. Ukiisha hatakwenda moja kwa moja kwenye wa pili. Atabana midomo na kuzitoa zile paa-papaa za saksafoni na tarumbeta, zote, kwa mpangilio wake, na akikosea moja ataianza upya. Ndipo arudi kwenye maneno. Kwa mpenzi wa dansi sehemu hiyo ni wimbo kamili, na mara nyingine ndiyo inayobaki kichwani mashairi yakishasahaulika.

Kwa upande wa Sikinde, yaani DDC Mlimani Park Orchestra, aliyekuwa akizipanga sauti hizo katika miaka yake minono ni Michael Enoch, ambaye mashabiki walimwita King. Bendi iliundwa mwaka 1978, jina ikalitoa kwenye baa ya Mlimani Park na mtindo ikauita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1983 ikaingia chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa ngome yake. Watu wakiitaja bendi hiyo huanza na waimbaji: Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule. Ni haki yao. Enoch hutajwa baadaye, kama hutajwa. Yeye alitokea Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanza tangu miaka ya 1930, na huko aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa mpiga gitaa la solo. Domo la bata, yaani saksafoni, lilifuata baadaye, na nadhani umahiri wake unaanzia hapo.

Bendi ya dansi imejengwa juu ya magitaa. Solo, rizimu na besi ndio wenye nyumba, na wapulizaji wanakaribishwa. Shida ni kwamba saksafoni haisemi lugha moja na gitaa. Alto imeundwa kwa E flati na tenor kwa B flati, kwa hiyo wimbo ambao mpiga gitaa anaupiga kwa raha kwenye G, mwenye alto anaupuliza kana kwamba uko E, wenye sharpu nne. Ukiwa D kwa gitaa, yeye yuko B, sharpu tano. Funguo tamu za nyuzi ndizo zinazompa mpulizaji vidole vya taabu. Wengi hujitetea kwa kupuliza machache na kwa sauti kubwa. Mtu aliyeshika gitaa miaka mingi kabla ya kushika domo la bata anajua mapema solo itapita wapi, itaacha pengo wapi, na ni noti ipi itakayokaa kwenye pengo hilo bila kumkanyaga mtu. Kwenye rekodi za Sikinde za miaka ya 1980 hutasikia saksafoni ikigombana na gitaa. Kila moja inapita njia yake na bado zinakutana.

Hapa lazima niseme jambo litakalowaudhi wapenzi wa jazz ya Marekani. Bendi zetu zilijiita Jazz kwa miongo mingi, lakini hazikumpa mpulizaji uwanja wa kuzungumza peke yake. John Coltrane aliweza kuushika wimbo mmoja jukwaani akaupuliza hadi watu wakasahau ulivyoanza. Mpulizaji wa Dar anapewa sekunde chache baada ya ubeti, na ndani ya sekunde hizo anatakiwa aseme kitu kitakachoimbwa na mtu anayeosha gari miaka 40 baadaye. Sioni kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko ile ya Coltrane.

Mtazame mpulizaji wakati wimbo unaendelea. Sehemu ya kwanza, ile ya taratibu yenye kisa, yeye amesimama tu, chombo kimening'inia shingoni kwa mkanda, zaidi ya kilo mbili kwa alto na zaidi ya tatu kwa tenor. Anasikiliza. Mwimbaji anakaribia mwisho wa mstari, na hapo utaona kifua cha mpulizaji kinapanda pamoja na vya wenzake wa tarumbeta, wote kwa mara moja, bila mtu kuhesabu. Wanaingia kama mtu mmoja na kutoka kama mtu mmoja. Kutoka ndiko kugumu. Kuanza pamoja kila mtu anaweza akifanya mazoezi. Kuikata noti ya mwisho pamoja, pasipo mkia wa mmoja kubaki hewani, kunataka watu walioishi pamoja. Kisha wimbo unaingia kwenye chemko, magitaa yanafunguka, wachezaji wanajaa sakafuni, na wapulizaji wanakamata kipande kifupi na kukirudia, kukirudia, bila kukichosha. Kukirudia mara ya kumi kikiwa na joto lilelile la mara ya kwanza ni kazi ya mapafu na ya moyo pia.

Halafu kuna joto lenyewe. Ukumbi wa Dar usiku wa Machi, watu mia kadhaa wanacheza, feni zinasukuma hewa ya moto. Joto likipanda, sauti ya saksafoni hupanda kidogo, kwa sababu hewa iliyo ndani ya bomba imepata moto. Nyuzi za gitaa hufanya kinyume: zinatanuka, zinalegea, sauti inashuka. Muziki ulioanza saa tatu ukiwa sawasawa, ikifika saa sita umeshaanza kuachana. Mpiga gitaa anakaza nyuzi kati ya wimbo na wimbo. Mwenye domo la bata anavuta ule mdomo wa kupulizia nje kidogo, unene wa ukucha hivi, ili bomba lirefuke na sauti ishuke. Mpulizaji mmoja niliyesimama karibu naye usiku fulani alikuwa akifanya hivyo huku akimcheka mtu aliyeanguka kwenye meza, bila hata kuangalia mkono wake. Mwanzi wa mdomo huo aliutoa, akaulowesha kinywani, akautazama dhidi ya taa, akaurudisha. Kwenye kifuniko kimoja, palipokatika springi, alikuwa amefunga utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, na kilifunguka na kufunga vizuri kabisa.

Mianzi hiyo haipatikani ovyo. Kariakoo utapata kioo cha simu yoyote iliyowahi kutengenezwa, lakini ukiulizia mwanzi wa alto utaangaliwa kwa huruma. Kwa hiyo mpulizaji hutunza mmoja miezi mingi, akiukwangua kwa wembe ukiwa mzito na kuubembeleza ukianza kuchoka.

Na mara nyingi chombo hakikuwa chake. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi: chama cha wafanyakazi cha NUTA, kiwanda cha Urafiki, Jeshi, Polisi, DDC. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, jambo la heshima, lakini akihama bendi aliacha saksafoni nyuma na kukuta nyingine huko aendako, yenye mazoea tofauti. Safari za mikoani zilifanywa na vyombo hivyohivyo, vikipakiwa pamoja na spika na ngoma kwenye barabara za vumbi. Pigo moja dogo kwenye shingo ya saksafoni linatosha kuharibu noti za chini kabisa, na wimbo wa usiku ule utapangwa upya papo hapo ili noti hizo zisihitajike.

Wakongo walipuliza kwa namna nyingine. Bendi ya Maquis, waliotoka Kamina na kupitia Uganda hadi Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliongozwa na mpuliza saksafoni, Chinyama Chiyaza. Saksafoni yao ilikuwa na mbwembwe zaidi, ikijisikia nyumbani. Nawapenda, ila nikilazimishwa kuchagua nitarudi kwa Enoch.

Bendi zilizokuja kushika jiji baadaye, Twanga Pepeta ikiwa mbele, ziliegemea kinanda badala ya domo la bata. Kinanda hakina mwanzi wala hakili posho. Wapulizaji wapya bado wanatoka kwenye matarumbeta ya makanisa, kwenye bendi za Polisi na Jeshi, na kwenye chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na wengi wanaishia kwenye harusi na hoteli, wakipuliza nyimbo za wageni juu ya muziki uliorekodiwa. Sikinde na bendi ya Msondo nao wangali na wapulizaji wao. Ukienda kuwasikiliza, usikae mbele ya waimbaji. Utakachosikia huko unakijua tayari kutoka redioni. Kaa upande wa wapulizaji, na ubeti unapokaribia kuisha, tazama vifua vyao.